Nguvu Ilikopita

Katika milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna barabara ya kilomita 20.8 inayopanda na kushuka katikati ya msitu na kurudi ilikoanzia. Ni Nordschleife, mzunguko wa kaskazini wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927. Siku ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda, mtu yeyote mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani hulipa kiingilio akaingia. Ndiyo maana wapenzi wa magari ya spoti husafiri kutoka nchi nyingi kwenda kulijaribu gari lao, na kujijaribu wenyewe, mahali pale. Wengi hurudi kwao wakiendesha. Wachache hurudi wamekaa kando ya dereva wa gari la kukokota, gari lao likiwa mgongoni.

Nachukua kona moja kama mfano. Baada ya bonde la Fuchsröhre, ambako gari hushuka kwa kasi na kubanwa chini hadi springi zinalalamika, barabara hupanda kidogo na kuficha kinachofuata. Nyuma ya kificho hicho ipo Adenauer Forst, kona ya kushoto na kulia inayokaba ghafla. Asiyeijua huifikia akiwa na mwendo wa barabara iliyonyooka. Akikanyaga breki huku amekata usukani, uzito wote humiminika magurudumu ya mbele, mkia hukosa mshiko, na gari linaanza kwenda ubavu. Ukingo wa chuma uko karibu sana. Kingo hizo ziliongezwa baada ya madereva wa Formula One kugoma mwaka 1970, mashindano ya Ujerumani ya mwaka huo yakahamia Hockenheim. Ziliokoa maisha ya wengi, lakini ni chuma, na chuma hakilisamehe bati.

Mambo ya fedha nitayapita haraka kwa kuwa hayana fumbo. Ukingo ulioharibika hulipwa na aliyeugonga. Gari la kukokota hulipwa. Kampuni nyingi za bima hutenga viwanja vya mbio nje ya mkataba, na anayekwenda huko bila kuusoma mkataba wake atausoma siku hiyo. Ninayetaka kumsifu ni mtu mwingine, yule anayelipokea gari kesho yake likishushwa uwanjani mwa gereji: fundi bodi.

Fundi bodi aliyekamilika hafiki na nyundo. Hufika na macho, na mara nyingi hulizunguka gari mara kadhaa kabla ya kuligusa. Palipogongwa panaonekana na kila mtu. Yeye huenda upande wa pili. Hufungua mlango ambao haukuguswa na kuusikiliza unavyofunga. Hutazama nafasi kati ya boneti na madigadi, kati ya mlango na nguzo, akitafuta mahali ambapo nafasi imekuwa pana juu na nyembamba chini. Hupitisha kiganja juu ya paa, usawa wa nguzo ya katikati, kwa sababu huko ndiko wimbi dogo la bati hujitokeza wakati fremu nzima imejipinda. Huinama kutazama gundi ya kuzibia maungio, kama imepasuka mstari mwembamba kama unywele. Rangi iliyobanduka kama unga mbali na palipogongwa humwambia kuwa chuma chini yake kilisogea kisha kikarudi. Ni kazi ya mganga wa mifupa ambaye, akiletewa mtu aliyeangukia kisigino, huanza kuibonyeza nyonga.

Maana nguvu haibaki ilipoingilia. Husafiri. Mwaka 1951 mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliwasilisha ombi la hataza ya wazo ambalo wakati huo lilionekana kinyume cha akili: gari lisiwe gumu kote, bali pua na mkia vikunjike kwa mpangilio ili chumba cha abiria kisikunjike. Wazo hilo likaingia katika magari ya kuuzwa mwaka 1959, na leo liko ndani ya karibu kila gari la spoti linalotoka kiwandani. Kwa hiyo ajali ya gari la kisasa ina utaratibu wake. Kwanza bampa, kisha visanduku vya kukunjika vilivyofungwa kwa bolti nyuma yake, kisha mihimili miwili mirefu inayobeba injini au buti, kisha ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva. Kila hatua hula sehemu ya nguvu na kuipitisha iliyosalia. Fundi huifuata safari hiyo hatua kwa hatua mpaka afike pale ilipokwisha, na mpaka apafikie hana haki ya kutaja bei.

Hapo ndipo ninapouona ukubwa wa ufundi huu. Kupiga bati likarudi sura yake kunahitaji mkono. Kuijua njia ya nguvu ndani ya chuma kilichofungwa, ambacho hakuna atakayekiona tena baada ya rangi, kunahitaji akili na uaminifu kwa pamoja, na vyote viwili vifanye kazi mahali ambapo mteja hawezi kukagua.

Kuna hatari nyingine ambayo mwenye gari huileta kwa mikono yake. Gari likipinduka na kulala kichwa chini, mafuta ya injini huteremka kutoka kwenye sampu na huweza kupenya hadi juu ya pistoni. Mafuta hayashindiliki. Mtu akiligeuza gari, akafurahi kuwa injini inaonekana nzima, akapiga stata, pistoni hugonga mafuta na fimbo yake hupinda. Injini iliyosalimika ajali hufa kwa furaha ya mwenyewe. Fundi hutoa plagi zote kwanza na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, mafuta yakitoka matunduni. Ni kazi ya muda mfupi inayookoa gharama kubwa kuliko bati lote la nje.

Baada ya macho huja vipimo. Gari hupandishwa juu ya meza nzito ya chuma iliyonyooka kabisa, na kushikwa chini kwa makucha yanayouma kingo zake. Kampuni ya Celette ya Ufaransa imejijengea jina kwa meza hizi na kwa viguzo vinavyotengenezwa kwa kila aina ya gari, kila kiguzo kikiwa na tundu linalopaswa kukutana na tundu la gari. Matundu yakikutana, gari limenyooka. Yasipokutana, hakuna ubishi wa jicho. Mahali pasipo na meza hiyo fundi hupima kwa mshazari: kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake, na tofauti ya milimita chache tayari ni habari mbaya.

Kuvuta ni sanaa ya subira. Mnyororo hufungwa upande ambao nguvu iliingilia na kuvutwa kinyume cha njia ile ile, polepole, kwanza kile kilichopinda mwisho. Chuma kina kumbukumbu: ukikivuta hadi mahali pake na kukiachia, hurudi nyuma kidogo, hivyo hukivuta kupita kiasi chake kwa kipimo ambacho hakuna kitabu kinachokijua kuliko mkono uliozoea. Kanuni ya kuamua kuokoa au kukata ni fupi. Kilichopinda hunyooshwa; kilichokunjika na kuacha alama hukatwa na kubadilishwa, kwa sababu mahali pa mkunjo chuma kimekuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Tena zipo nguzo na mihimili ya chuma chenye boroni, kilichopata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa ndani ya muundo kiwandani. Hiyo haipashwi moto wala hainyooshwi. Fundi anayeipiga gesi ili ilainike huirudisha sura na kuiua nguvu, na dereva atakayefuata hatajua mpaka siku ya ajali yake.

Alumini ni mtihani mwingine. Chuma huwa chekundu muda mrefu kabla ya kuyeyuka, kikamwonya fundi. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 bila kubadilisha rangi. Sekunde moja liko bati, inayofuata liko tundu. Nyundo iliyogonga chuma haitakiwi kuligusa, maana chembe za chuma zikibaki ndani yake huanzisha kutu ya kulana kati ya metali mbili, na ndiyo sababu gereji zenye nidhamu huwa na chumba cha peke yake kwa kazi hiyo. Nayo Lotus Elise, iliyotoka Uingereza mwaka 1996 na kupendwa sana viwanjani, ilikwenda mbali zaidi: chesisi yake ni mihimili ya alumini iliyounganishwa kwa gundi ya epoksi badala ya kuchomelewa, uzito wake kilo 68 tu. Ganda lake la nje ni la nyuzi za kioo, linatengenezeka vizuri sana. Lakini mhimili wa chesisi ukishapinda, heshima ya fundi ni kusema hapana. Nimewahi kusikia watu wakilitafsiri neno hilo kuwa ni kushindwa. Mimi naliona kuwa sehemu ngumu kuliko zote za kazi yake, kwa kuwa mteja amesimama mbele yake na fedha mkononi, na gereji ya jirani iko tayari kusema ndiyo.

Kisha ipo kaboni. Septemba 1981, katika mashindano ya Italia huko Monza, gari la McLaren la John Watson lilipoteza mshiko likagonga kwa nguvu iliyotenganisha injini na chumba cha dereva. Watson alishuka na kutembea. Gari hilo, MP4/1 lililobuniwa na John Barnard, lilikuwa la kwanza katika Formula One kushindana likiwa na chumba kizima cha nyuzi za kaboni, na kabla ya siku hiyo wengi walihofu kuwa kitu hicho kingesambaratika kama unga. Leo kaboni ipo katika magari yanayoendeshwa na watu binafsi. Tabia yake ya kutisha ni kwamba huficha maumivu. Haipindi, ama iko sawa ama matabaka yake yameachana kwa ndani huku uso ukingʼaa. Fundi wake hugongagonga kwa sarafu na kusikiliza: sauti kali ina maana ni nzima, sauti ya bubu ina maana hewa imeingia kati ya matabaka. Asiporidhika hutumia mawimbi ya sauti ya mashine. Akitengeneza, husaga tabaka baada ya tabaka kwa mteremko mpana, hupanga nyuzi mpya kila moja ikifuata mwelekeo wa ile iliyokuwapo, hufunika kwa mfuko, hutoa hewa yote na kuipika kwa joto lililopimwa.

Wapo Waswahili watakaosema kuwa haya ni mambo ya watu wenye meza za Ufaransa. Sikubali. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Na mtu akipita Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, atakuta mafundi wanaorudisha madigadi lililokunjamana kwa nyundo upande mmoja na kipande cha chuma cha mkononi upande wa pili, wakiongozwa na sauti ya mgongano tu, na puti wakaipaka nyembamba. Mikono hiyo ni sawa na mikono yoyote duniani. Kinachowapungukia mara nyingi ni kipimo cha kilicho chini ya ngozi, na hilo si kosa la mkono. Ngozi hunyooshwa kwa jicho na sikio. Mifupa haikubali makisio, hasa ya gari litakalorudi kwenye kasi ya uwanja.

Vitu vidogo ndivyo humtenganisha fundi na mpaka rangi. Tairodi huwa nyembamba kwa makusudi ili zipinde kabla ya raki ya usukani, basi akiikuta moja imepinda huifungua na raki pia. Rimu ya alumini huipaka rangi ya kupenyeza inayofichua ufa usioonekana. Mkanda wa kiti uliombeba dereva katika mgongano mkubwa umeshavutika nyuzi zake. Hutolewa hata kama unaonekana mpya. Kofia ya mbio iliyogonga kitu vivyo hivyo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachoonekana katika picha ya gari lililokamilika, na kila kimoja huongeza bei ambayo fundi lazima aitetee kwa mteja aliyekwisha kuumizwa na gharama.

Gari likitoka, fundi mzuri huomba liende mwendo wa wastani kwanza, kisha lirudi. Hukaza upya bolti za sasipensheni, maana zilizofungwa upya hutulia baada ya kutumika. Hupima tena pembe za magurudumu na kulinganisha na karatasi ya siku lilipotoka. Na kabla ya yote hayo, kabla rangi haijapuliziwa, huwa amepiga picha kila hatua: mhimili uliokatwa, maungio mapya, vipimo juu ya meza, chuma kikiwa uchi. Faili la picha hizo humkabidhi mwenye gari pamoja na funguo, ili liambatane na gari siku litakapouzwa, na mnunuzi ajue analolinunua. Watu huniomba ushauri kuhusu magari ya namna hii yaliyotengenezwa baada ya ajali, wakinionyesha picha za bodi inayongʼaa juani. Huwa nawaomba faili la fundi, na wakikosa kulipata nawashauri wasinunue.