Hongera, Wauza Mitumba wa Turkana

Hongera kwa wanaofungua bale juani. Nguo hizi hushuka Mombasa, zikapitia soko la Gikomba jijini Nairobi, zikapanda basi la Kitale, ndipo zifike Lodwar na Kakuma, mji wa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992, ambako Mturkana, Msomali na Mkongo huchambua rundo moja.

Kamera, yaani chaguo la kwanza, huondoka mapema. Lakini tazama muuzaji anavyoshika shati: analigeuza ndani nje, anavuta mshono wa kwapa, analiinua kwenye mwanga kutafuta tundu, kisha anahesabu vifungo. Huo ni ufundi, na naupenda kwa dhati.

Anajua pia majira. Kiangazi anakupa pamba nyepesi, mikono mirefu, rangi isiyovuta joto. Kwa mkazi wa Kataboi, upepo wa Ziwa Turkana ukivuma alfajiri, anatenga jaketi jembamba. Mvua za Machi hadi Mei zikikaribia, anatoa sketi inayokauka upesi. Mteja anaongeza shuka, akala na shanga zake, na hakuna mtu Nairobi nzima atakayefanana naye.