Dhana ya Kupona katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umezoeleka kuhakikiwa kama utungo wa mafunzo ya unyumba. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliutunga mnamo 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu. Ni nadra mhakiki kuzingatia kwamba msemaji wake ni mgonjwa, aliyeshikwa na maradhi mwaka mzima, naye anamwomba Mola amrudishie afya. Humo, kupona ni kurejea hali ya awali.

Maana hiyo haitoshelezi kila hali. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuthibitisha jinsia harejei alikotoka. Kidonda hufunga kwa majuma, lakini uke uliotengenezwa huhitaji kupanuliwa kwa vifaa kwa miezi mingi usije ukasinyaa; kisha kuna mwendo, mavazi na macho ya majirani. Kusema "amepona" ni kueleza kidonda tu, na kumwacha mwenyewe.

Hata hivyo, mila za Lamu na visiwa jirani zina mfano ulio karibu zaidi. Mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Wote wawili hutoka wakiwa na hali mpya, wala hapana atarajiaye warudi walivyokuwa. Wana muda, wana mwangalizi, wana siku ya kutoka.

Sarufi nayo ina nafasi: "yeye" haiulizi jinsia. Vikwazo vimo katika msamiati, katika "bwana" na "bibi", "kuoa" na "kuolewa". Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa, cheti chenye jina lake jipya na kisichotaja jinsia. Kwa amri hiyo, cheti kilitakiwa kunyamaza pale ambapo "yeye" hunyamaza.

Si haki kumdai Mwana Kupona jambo ambalo zama zake hazikumwuliza. Anayedaiwa ni mtunzi wa leo. Akimchora mtu wa namna hii, asiishie hospitalini kidonda kinapofunga. Na aonyeshe ni nani atakayemchemshia maji siku zile 40, na ataitwaje siku ya kutoka.