Cheo na Hofu ya Tabaka: Uhakiki wa Uigizaji wa Arthur Lowe

Arthur Lowe (1915–1982), mwigizaji wa Uingereza, hukumbukwa zaidi kwa nafasi ya Kapteni Mainwaring katika Dad's Army, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na BBC kati ya 1968 na 1977. Umaarufu huo umewafanya wengi wamwone kuwa mchekeshaji wa runinga tu. Uhakiki huu unapinga mtazamo huo. Mainwaring ni meneja wa benki anayeongoza kikosi cha mgambo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini msaidizi wake, Sajini Wilson, ametoka katika tabaka la juu kuliko lake. Lowe aliudhihirisha unyonge huo kwa kimya na mtazamo mrefu kuliko kwa maneno. Kicheko huzaliwa pale cheo kinaposhindwa kuificha hofu.

Ustadi huo una mizizi jukwaani. Mwaka 1964 aliigiza katika Inadmissible Evidence ya John Osborne, ukumbi wa Royal Court. Mwaka 1974 alikuwa Stephano katika The Tempest ya Shakespeare, mtumishi mlevi anayeota kukitawala kisiwa. Stephano na Mainwaring wote hujivika ukubwa usiowaenea. Hivyo, mwigizaji wa aina hii apimwe kwa uhusiano wa nafasi zake zote, si kwa ile iliyopendwa zaidi.