"Ua", "Kichwa" na Ziara ya Nyuki

Wafasiri wa maandishi ya kilimo yawafikiayo wakulima wa Shinyanga na Geita wana desturi moja ambayo hatuna budi kuilaumu. Wanapoeleza jinsi umbo na ukubwa wa ua unavyowavuta nyuki kwenye mimea ya mbegu za mafuta, hulitumia neno "ua" kwa alizeti bila kubainisha ni ua lipi.

Kile tukiitacho ua la alizeti kwa hakika si ua moja. Ni mamia ya vijiua, pengine zaidi ya elfu, vilivyopangwa juu ya sahani moja. Vile vya pembeni vyenye petali za manjano havizai mbegu. Kazi yao ni kuwavuta wadudu kutoka mbali. Vya ndani ndivyo vizaavyo, navyo hufunguka kwa siku kadhaa, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kila kijiua hutoa chavua kwanza, kisha hutokeza stigma, yaani ncha ipokeayo chavua. Mkulima hana tatizo hapa: yeye husema "kichwa cha alizeti". Ni mfasiri aliyelidharau neno hilo, akidhani si la kitaalamu.

Madhara yake si madogo. Ulimi wa nyuki wa asali una urefu wa takriban milimita 6, na mbochi hukaa chini ya neli ya kijiua. Neli ikiwa fupi, nyuki huifikia mbochi kwa urahisi na huja tena. Ikiwa ndefu, huenda akapita. Mtaalamu anapoandika kuhusu ua fupi, ana maana ya neli hiyo. Mkulima asomaye "ua dogo" atadhani anashauriwa kuchagua mbegu ya vichwa vidogo, nayo ni hasara tupu. Ukubwa ni jambo moja na kina ni jambo jingine. Wachimbaji wadogo wa Geita hawakadirii kina cha duara kwa upana wa mdomo wake. Sijui kwa nini sisi wa istilahi tufanye hivyo kwa ua.

Pamba, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, yadai uangalifu wa namna nyingine. Ua lake ni pana na wazi, hufunguka asubuhi likiwa jeupe au la manjano hafifu, na kesho yake huwa jekundu. Lakini mpamba hutoa mbochi hata nje ya ua, chini ya majani na kwenye vikoba vizungukavyo ua. Nyuki aweza kushiba pale asiiguse chavua kamwe. Basi anayefasiri "ziara ya nyuki" kwa "uchavushaji" amepotoka. Na anayeandika "utungishaji" amepotoka zaidi, kwani hiyo ni hatua ya baadaye, ndani ya ovari.

Twapendekeza, basi, "kichwa" kwa sahani nzima ya alizeti, "kijiua" kwa kila kimoja kilichomo, "kina cha neli" kwa kipimo kimhusucho nyuki, na "kuzuru" kwa kutua kwake tu. Kuhusu "mbochi" na "nekta" hatuna ugomvi na yeyote, mradi mwandishi asiyachanganye yote mawili katika ukurasa mmoja.