Mstari wa Gharama Zilizobaki

Gesi ya Songo Songo, Tanzania, iligunduliwa mwaka 1974. Ilifika Ubungo, Dar es Salaam, kuendesha mitambo ya umeme mwaka 2004. Hapo katikati kuna miaka 30, na anayetaka kujua uzito wa miaka hiyo kiuchumi aende kwa mjenzi wa modeli za fedha za miradi. Atachukua dola 100 zitakazolipwa mwaka wa thelathini, azipunguze kwa asilimia 10 kwa kila mwaka wa kusubiri, kiwango kilichozoeleka katika sekta ya mafuta, kisha akuoneshe kuwa leo hazifikii hata dola 6. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ufundi uko katika kupanga maelfu ya hesabu ndogo kama hiyo mpaka mradi mzima, tangu kisima cha kwanza hadi siku ya kung'oa mitambo, usomeke kwenye lahajedwali moja, na mtu asiyemjua mjenzi aweze kuufuata.

Kazi huanza chini ya ardhi. Presha ya kisima hupungua na gesi hutoka kidogo zaidi kila mwaka. Milinganyo ya mshuko huo aliichapisha J. J. Arps mwaka 1945, na bado inatumika. Kisha huja bei, gharama za kuchimba, gharama za kuendesha. Baada ya hapo ndipo mkataba unaingia, na hapo ndipo mimi hukaa muda mrefu zaidi.

Katika mkataba wa ugawanaji mapato, mrabaha hutolewa kwanza. Kinachobaki hurudisha gharama za kampuni, lakini kwa kikomo. Tuseme zimebaki dola milioni 100 na kikomo ni asilimia 50. Kampuni inadai milioni 300 za miaka iliyopita na mwaka huu imetumia nyingine 20, jumla 320. Inachukua 50, zilizobaki 270 zinavuka kwenda mwaka unaofuata, kama deni kwenye daftari la muuza duka wa mtaani. Mjenzi huandika mistari minne: deni la kuanzia, gharama mpya, kilicholipwa, deni la kufungia. Deni la kufungia la mwaka huu ndilo la kuanzia la mwaka ujao, na mistari hiyo hujisokota hivyo hadi mwisho wa mradi.

Uzuri wake uko kwenye mstari wa tatu. Fomula yake inasema tu: chukua kilicho kidogo kati ya deni na kikomo. Miaka ya mwanzo kikomo ndicho kidogo. Unafika mwaka ambao deni limebaki 30. Fomula ileile, bila kuguswa, inalipa 30 na kuziachia 20 zilizosalia ziingie kwenye gesi ya faida, ambayo serikali na kampuni hugawana. Hakuna aliyeiambia kwamba mwaka huo umefika. Mjenzi asiye makini angeandika fomula moja ya miaka ya deni na nyingine ya baadaye, na siku bei ikibadilika kiungo kati ya fomula hizo mbili kingevunjika bila mtu kujua.

Fundi mzuri hutenganisha pia anachodhania na anachokokotoa. Bei, kiwango cha mshuko na asilimia za mkataba hukaa kwenye ukurasa wao, mara nyingi kwa rangi ya bluu, na hakuna namba inayofichwa ndani ya fomula. Chini kabisa huweka mstari wa uhakiki: jumlisha mrabaha, gharama zilizorudi, fungu la serikali na fungu la kampuni, kisha toa mapato yote. Jibu lazima liwe sifuri kila mwaka. Mstari huu hauongezi kitu kwenye matokeo, ila hunifanya nimwamini aliyeuweka. Na ninafurahi kwamba IMF imeiweka hadharani FARI, modeli yake ya kuchambua kodi na mikataba ya madini, mafuta na gesi, ili anayetaka kujifunza aone kazi hii kwa ndani.

Mwaka 2014, nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 kati ya TPDC, shirika la mafuta la taifa, na kampuni ya Statoil ya Norway ilipovuja, mjadala Tanzania uling'ang'ania asilimia za mgao. Lakini linganisha mikataba miwili ya kufikirika. Wa kwanza unaipa serikali asilimia 60 ya gesi ya faida, na kikomo cha gharama ni 80. Wa pili unaipa 30, kikomo ni 50. Wakati deni bado kubwa, katika kila dola 100 baada ya mrabaha, wa kwanza unaiachia serikali 12, wa pili 15. Deni likiisha, wa kwanza unapanda hadi karibu 60 na wa pili unakwama karibu na 30. Upi bora inategemea deni litaisha mwaka gani, kisima kitakuwa kimeshuka kiasi gani kufikia hapo, na fedha ya mwaka huo ina thamani gani leo.