Usukani Bila Pampu, Breki Bila Injini

Nianze na usukani, maana ndio ulionishtua kwanza. Nimeketi ndani ya gari la umeme, Nissan Leaf ya kizazi cha pili, ile ya betri ya kilowati-saa 40. Nimeliwasha, limesimama, nikazungusha stelingi kwa vidole viwili. Ikazunguka! Wala hakuna ule mlio wa pampu inayolalamika ukikata kona hadi mwisho. Mimi nimekulia kwenye pawa stelingi ya mafuta: pampu inazungushwa na mkanda wa injini, injini ikizima usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mpira ukipasuka unakuta mafuta mekundu sakafuni. Humu injini haipo, basi hakuna cha kuzungusha pampu. Kuna mota ndogo ya umeme, nayo hula umeme hasa pale unapokata kona. Pampu ya mafuta huzunguka muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka hadi Voi. Ndani ya gari linalohesabu kila kilomita kwenye betri, hiyo ni kupe tu.

Kuna kilichopotea? Kipo. Usukani wa mafuta ulikuwa ukinong'ona. Tairi likigusa changarawe, kiganja kilijua kabla ya jicho. Huu umenyamaza mno, na mnong'ono ule nimeukosa.

Lakini breki! Breki ndizo zilizonimaliza. Gari la petroli huutegemea mvuto wa hewa wa injini kuuongezea mguu wako nguvu. Bila injini, mvuto huo utatoka wapi? Wengine waliweka pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Nissan wao wameweka mota inayosukuma masta silinda yenyewe, tena ipo akiba ya umeme kwa ajili ya breki pekee, endapo betri ndogo (si ile kubwa inayoendesha gari) itakufa. Mafuta ya breki bado yapo, yanashuka hadi magurudumuni kama kawaida (fundi, usisahau kuyabadilisha). Utamu uko kwenye hesabu inayopigwa chini ya mguu: mota inayoendesha gari inageuka jenereta, inapunguza mwendo huku ikirudisha umeme, na pedi zinaitwa pale tu zinapohitajika.

Nikalipeleka Mai Mahiu. Anayeujua mteremko ule kutoka Limuru anaijua na harufu yake: malori, pedi zinaungua, moshi wa magurudumu. Nikawasha e-Pedal, ile ya kuendesha kwa eksileta pekee. Betri nilikuwa nimeiachia nafasi makusudi, kwani ikijaa haina pa kuweka umeme. Naondoa mguu kwenye eksileta, gari linajishika lenyewe. Kona hii, kona ile, kanyagio la breki hata sijaligusa! Na ile asilimia ya betri, badala ya kushuka, ikapanda mbele ya macho yangu!

Bondeni nikaegesha, nikaruka nje, nikaweka kiganja kwenye rimu. Vuguvugu. Nikazunguka upande wa pili, nikagusa na nyingine.