Vidole Chini ya Mbavu

Mbwa anayeumwa kongosho wakati mwingine hulaza kifua sakafuni na kukiacha kiuno juu, kama anayejinyoosha baada ya usingizi, ila hainuki. Daktari wa wanyama aliyebobea akiuona mkao huo mlangoni, huwa ameshaanza kazi. Kisha huuliza: jana alikula nini? Minofu ya mafuta iliyobaki kwenye sherehe huibuka mara nyingi.

Kongosho hutengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Vingi hutoka vikiwa vimelala, vikaamkia utumboni. Vikiamka mapema, kongosho huanza kujisaga lenyewe.

Kwa paka ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Mbwa hutapika na kulalama. Paka hujikunyata chini ya kitanda akasusa chakula, basi. Wengi hawatapiki kabisa. Daktari mzuri humwacha atoke mwenyewe kwenye kikapu. Vidole vyake hupanda taratibu chini ya mbavu, huku macho yake yakibaki usoni kwa paka: masikio yaliyolegea pembeni, kope zilizofinywa. Tumbo halisemi, uso husema kidogo.

Zamani madaktari walitegemea kupima vimeng'enya vya amilasi na lipasi ya jumla katika damu, ambavyo hutoka pia kwenye viungo vingine na hupanda figo zikidhoofika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walileta kipimo cha lipasi ya kongosho peke yake. Hata hicho husomwa pamoja na ultrasaundi na mnyama mwenyewe. Majibu yakigongana, namheshimu sana daktari anayesema "nashuku" na kurudia kupapasa.

Tiba ni dripu, dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika. Antibayotiki kwa kawaida hazihitajiki. Zamani mgonjwa alinyimwa chakula siku kadhaa ili kongosho lipumzike. Leo hulishwa mapema, mbwa akipewa chakula chenye mafuta machache. Paka asiyekula siku chache, mafuta ya mwili wake huhamia kwenye ini na kulilemea. Kwa hiyo daktari hupitisha mrija mwembamba puani hadi kwenye umio, kisha husukuma uji wa chakula kwa bomba la sindano, kidogo kidogo. Paka akianza kulamba midomo na kumeza mate mfululizo, kichefuchefu hicho, mkono husimama. Daktari husubiri, akimshika shingoni kwa kiganja. Midomo ikitulia, husukuma tena.